Gari la Mgeni

Juzi, mtaa wa Area 47 huku mjini, nimemwona bwana mmoja amelala garini, vioo vimefungwa, injini inanguruma, anajipulizia baridi. Nikamkumbuka yule mtaalamu wa Lilongwe aliyekuja shuleni kwetu, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kutufundisha joto la dunia.

Alifunika beseni kwa plastiki, akaliweka juani, tuone joto linavyofungiwa. Sisi tulirundikana chini ya mabati, tukinuka jasho. Mwalimu wetu akatafsiri: "Batoto, anasema makala ya bamama zenu, ule mkaa wa kupikia, njo inachoma dunia. Mumupigie makofi!"

Tukapiga. Beseni likipata moto, mheshimiwa akarudi garini kupoa, akawasha injini, moshi ukatuingia darasani. Mi, mtoto mjinga, nikadhani gari nalo ni sehemu ya somo.

Kumbe gari njo lilikuwa somo lenyewe.