Mwizi wa Kwenye Simu Aliyetaka Kutulipa

Nichekeni tu, nimestahili! Mimi ndiye katibu wa makao yetu ya wazee hapa Bumula. Serikali hutulipia chakula cha wazee, lakini huchelewa mpaka tunasahau ni pesa za mwezi gani.

Jumanne mwanaume akanipigia. "Mama, maripo yenu ya mwezi huu yametoka reo. Nipe namba ya akaunti nihakikishe."

Ya mwezi huu? Mwezi huu huu? Nikaweka simu kwa spika, akina mama wapishi wakaja mbio kutoka jikoni. "Wewe tapeli, unatupigia kutoka jela gani? Serikali gani hulipa kabla mwezi haujaisha?" Nikamkatia, nikafungia namba yake. Nilipigiwa makofi, bana!

Ijumaa, kwenye mkutano wa mashirika kule Kitale, nikaomba maikrofoni niwaonye wenzangu. Nikamwigiza yule mwizi mpaka ile "r" yake mahali pa "l": "Maripo yenu yametoka!" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

Mgeni rasmi, afisa mpya wa malipo wa serikali, akainuka polepole.

"Mama wa Bumula," akasema, "maripo yenu bado yako kwangu. Na mimi sijawahi kufungwa jera."