Wastani wa Mjomba

Mjomba wangu hawezi kusikia baridi kama watu wengine. Akitoka nje asubuhi hutazama kwanza kipimajoto alichokipigilia kwenye nguzo ya kibaraza chake, kisha hutazama karatasi iliyo ukutani, na karatasi ndiyo humwambia kama anasikia baridi au hasikii. Nimemwona mwezi wa sita amejifunga shuka mpaka masikioni, meno yanagongana, akisema, "Leo tuko juu ya wastani." Na wanaume waliokaa naye kwenye benchi, nao wamejikunyata, wakaitikia kwamba kweli, leo kuna kajoto.

Karatasi yenyewe ni jedwali. Miezi imepangwa kwenda chini, na mbele ya kila mwezi kuna mvua inayotakiwa kunyesha, joto linalotakiwa kuwepo na saa ambazo jua linatakiwa kuwaka. Nasema "inayotakiwa" kwa sababu ndivyo mjomba anavyosema, kana kwamba mawingu yameajiriwa na yeye ndiye msimamizi wao. Aliipata karatasi hiyo alipokuwa karani mjini Tabora, akaipeleka steshenari ikapigwa plastiki. Alipostaafu alijenga hapa Ntalikwa, ukuta kwa ukuta na sisi, kwa sababu mama yangu ni mdogo wake na baba yangu alishafariki. Alisema amekuja kutuangalia. Alikuja na mke, kuku, makochi na karatasi.

Katikati ya uwanja alisimika kipimamvua cha plastiki juu ya mti, akakizungushia seng'enge ili mbuzi wasikiguse. Jua alilipima kwa macho. Alikaa kwenye benchi na saa ya mkononi, na kila wingu lilipopita aliandika limepita saa ngapi. Siku nzima mtu mzima anaangalia jua, wakati shamba la dada yake linahitaji palizi. Jioni wanaume walikuja kuuliza, "Vipi, tumesimamaje?" kama wanaouliza matokeo ya mpira. Akiwaambia tuko juu, wanafurahi. Akiwaambia tuko chini, wanasikitika kidogo, kisha wanakunywa kahawa. Sijawahi kumwona hata mmoja akifanya kazi yoyote kwa sababu ya jibu alilopewa.

Mimi niliishia darasa la saba na si msemaji. Nikipeleka maji kwake nilimwamkia, nikatua ndoo, nikarudi. Lakini masikio ninayo.

Mwaka huo ninaousema, mvua zilianza vizuri. Tulipanda mahindi mwezi wa kumi na moja, yakapendeza. Yalipoanza kutoa mbelewele, mwezi wa kwanza, mvua ikakatika. Ilikatika kabisa. Majani yalijisokota kama sigara za msokoto, na mchana ukipita kati ya mistari unasikia yanakwaruzana. Mama alikwenda shambani kila asubuhi, si kufanya kazi, kuyatazama tu. Mvua ilirudi mwezi wa tatu ikiwa na hasira zote ilizoziweka, ikavunja daraja la njia ya mjini na kujaza mashimo yote ya matofali. Kwa mahindi ilikuwa imekuja kuzika.

Watu walikuja kutoka mjini kuuliza hali ya chakula, wakaitisha mkutano shuleni. Mama alivaa khanga mpya na kukaa mbele. Alikuwa ameandaa maneno yake njiani, nilimsikia. Kabla hajanyoosha mkono, mjomba alisimama na karatasi zake. Alisoma mvua ya kila mwezi, akajumlisha mbele ya watu wote, akalinganisha na ile ya ukutani.

"Kwa hiyo, ndugu wageni," akasema, "msimu huu ni wa wastani. Mvua iliyotakiwa kunyesha imenyesha yote."

Wageni waliandika. Mmoja wao alimpongeza, akasema ni mara chache kukutana na mwananchi mwenye takwimu. Mjomba aliinama kama bwana harusi. Mama alishusha mkono ambao ulikuwa umefika kifuani tu.

Njiani nilimsubiri aseme kitu. Alisema, "Kaka amesoma vizuri."

Ndivyo alivyo mama. Kaka yake ni mkubwa, ndiye aliyepokea mahari yake, na kwao mdogo hamkosoi mkubwa hata nyumba ikiungua. Mimi ningekuwa na ulimi ningemwambia mjomba kwamba mtu aliyenyimwa maji mwezi mzima kisha akatumbukizwa mtoni naye amepata maji ya wastani. Lakini ulimi huo sina. Naupata nikiandika, na ninaandika polepole, kwa hiyo unanijia watu wakiwa wamekwisha kuondoka.

Kilichobaki kilikuwa viazi. Ile mvua ya mwezi wa tatu iliyozika mahindi ilivinenepesha viazi vitamu vya mama, matuta yakapasuka. Hivyo viazi vilikuwa chakula chetu chote, mama na mimi na wadogo zangu wawili, mpaka mavuno mengine. Lakini kiazi kibichi hakikai. Lazima kikaushwe. Ukikikata kibichi na kukianika unapata michembe. Ukikichemsha kwanza, ukakimenya, ukakikata na kukianika, unapata matobolwa, ambayo ni matamu na yanakaa mwaka mzima. Shida ya matobolwa ni moja. Ukishachemsha huwezi kuahirisha. Lazima jua liwepo siku zile zile, kali, mfululizo. Kwa hiyo watu wenye akili huchemsha kidogo kidogo, sufuria kwa sufuria, ili yakiharibika yaharibike ya sufuria moja.

Mama alikwenda kumwuliza kaka yake. Nilikuwa nimebeba ndoo, nikasikia.

"Kaka, nianze lini viazi?"

Mjomba aligeukia ukuta, akaweka kidole kwenye mwezi wa tano. "Mvua, hakuna kitu. Jua, tele. Dada, wewe chemsha vyote. Kwa nini ujitese na kuni kila siku? Wiki moja umemaliza."

"Vyote?"

"Hii si ya kubahatisha. Hii ni miaka na miaka imejumlishwa."

Tulichimba vyote. Tulivibeba kwa baiskeli, gunia baada ya gunia. Tuliazima mapipa, na majirani wakaja kumenya, kila mmoja akaondoka na beseni lake kama ilivyo desturi. Kuanika tunaanika kwenye mwamba ulio nyuma ya nyumba, jiwe pana lenye mgongo wa bapa, na kila familia ina sehemu yake inayojulikana. Sehemu yetu haikutosha. Mama aliomba sehemu ya jirani yetu, mama mmoja mwenye maneno, ambaye alikuwa ameanika ungo mmoja tu wa michembe.

"Shoga, leo umeanika kijiji kizima," jirani akasema.

"Kaka amesema jua lipo."

"Kwani yeye ndiye analiwasha?"

"Amelipima."

"Haya. Amelipima marefu au mapana?"

Mama alicheka, akaendelea kupanga vipande. Jiwe lote likawa la rangi ya chungwa. Siku ya kwanza jua lilikuwa kali kweli, na mjomba alikuja kusimama pale na mikono nyuma kama mtu anayekagua nyumba yake inayojengwa. Alinyanyua kipande kimoja, akala, akasema, "Si niliwaambia."

Siku ya pili mchana upepo uligeuka. Upande wa Sikonge kulikuwa na weusi. Sisemi kwamba nilijua itanyesha. Sikujua, na wala hakuna aliyejua. Nilisema tu, "Mama, wingu."

Mama alilitazama. Halafu alitazama kibaraza cha mjomba, ambako mjomba naye alikuwa analitazama, saa mkononi, akiandika dakika jua lilipofunikwa.

"Mjomba wako yuko pale," mama akasema. "Ingekuwa mbaya angetuambia."

Ilinyesha ile ya kumwaga, bila hata matone ya kuanzia. Tulikimbia na turubai tuliloazima kwa wakulima wa tumbaku, tukafunika tulichoweza, na tusichoweza kilitembea juu ya jiwe kikateremka na maji. Wadogo zangu walikimbiza vipande kwenye majani kama wanaokimbiza vifaranga. Mvua kubwa ilipita, lakini mawingu yalibaki, na manyunyu, kesho yake yote. Chini ya turubai matobolwa yalitokwa jasho. Tulipofunua, harufu ilikuwa ya pombe. Mengi yalikuwa yamefanya utelezi, na mengine yameanza kuota manyoya meupe.

Mama alichuchumaa, akaanza kuchambua, zuri huku, baya kule. Rundo la huku lilikuwa dogo. Ndipo nilipomwona mjomba anakuja. Alikuwa anatembea polepole sana, mikono mbele, magoti yamelegea kidogo, nikafikiri anaumwa. Kumbe amebeba kipimamvua, na hataki maji yamwagike.

"Dada," akasema. Sauti ilikuwa inatetemeka kwa furaha. Naandika furaha kwa sababu sikupata neno lingine, na nimelitafuta. "Dada, tazama mstari huu. Mwezi wa tano! Tangu nianze kupima sijawahi kuona. Hata kwenye karatasi haipo."

Mama hakuinua kichwa.

"Kaka, sogea. Umekanyaga."

Alitazama chini. Kandambili yake ilikuwa katikati ya rundo la mazuri. Alisogea kwa uangalifu mkubwa, jicho kwenye kipimamvua, na akakanyaga mengine.

Siku chache baadaye mama alipika matobolwa kwa karanga na kunituma nimpelekee mjomba sahani. Kisha akabadili mawazo, akaichukua mwenyewe, mimi nikafuata na maji ya kunawa. Wanaume walikuwa kwenye benchi. Mjomba alikuwa anawaeleza kwamba mvua ile, pamoja na ukubwa wake wote, haikuusogeza mwaka. Ukijumlisha na kugawanya, mwaka ulikuwa pale pale, wa wastani. Alionekana kuumia kidogo kwamba mwaka umeshindwa kuvunja rekodi.

Alinawa, akala kipande cha kwanza, akakunja uso.

"Haya machachu, dada."

"Hayo ni yale ya chini ya turubai," mama akasema. "Haya ya upande huu ndiyo mazuri. Kula moja la huku, moja la huku, kaka. Yatakuwa ya wastani."

Mzee mmoja alijifanya anakohoa. Mimi nilishika birika kwa mikono miwili. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia mama akimwambia kaka yake neno la namna hiyo, na nilingoja radi.

Mjomba alitafuna, akafikiri. Alichukua moja la huku, moja la huku, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama alipoondoka aliniinamia akanong'ona, "Unaona, mjomba? Mama yako ameanza kuelewa."

Rundo la mazuri halikuweza kutufikisha. Mama hakulia wala hakupiga hesabu mbele yetu. Aliniambia tu, akiwa anapeta, kwamba shangazi yangu wa Sikonge, dada yake baba, anahitaji mtu wa kukaa kwenye bani, kibanda cha moto cha kukaushia tumbaku. Nilielewa. Mdomo mmoja ukitoka, sahani zinapumua. Nilifunga nguo kwenye baiskeli nikaondoka asubuhi, na mjomba alinisindikiza mpaka barabarani. Alinieleza kwamba misafara ya zamani ilipita njia hizi hizi, na kwamba wale wapagazi wangekuwa na karatasi kama yake wasingelowa. Nilisema ndiyo, mjomba.

Kazi ya bani ni kulisha moto na kuangalia kipimajoto kilichoning'inizwa ndani. Joto likipanda haraka jani linabadilika rangi na kuwa takataka, likishuka jani linabaki bichi. Mwanzoni nilikichukia kile kidude kwa sababu ya mjomba. Baadaye niliona kwamba hapa kikisema kitu, mtu anainuka na kwenda kutoa kuni au kuongeza. Tumbaku ilipokwisha nilibaki kulima kwa shangazi, na mara kwa mara nilipiga simu nyumbani. Simu iliyo nyumbani ni ya mjomba.

Mwezi wa kumi na moja alinipigia yeye.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Huko imenyesha?"

"Imenyesha."

"Kiasi gani? Tafuta kopo lenye mdomo ulionyooka, uliweke nje, unipimie. Nataka kulinganisha Sikonge na hapa."

"Mama hajambo?"

"Mama yako yupo."

"Wanakula?"

"Hali ya kawaida. Sasa hilo kopo, lisiwe chini ya mti."

Nilikata simu. Halafu, mimi ambaye kumpigia mtu mzima kunanitoa jasho, nilimpigia yule jirani mwenye maneno. Safari hii hakuwa na maneno mengi. Alisema matobolwa yalikwisha zamani, mama anapika mara moja kwa siku, jioni, na yeye mwenyewe anakula mwisho kama kuna cha kula. Mjomba anapita kila asubuhi kuwasomea mvua.

Nilimwomba shangazi ujira wangu anipe mahindi. Alinipimia, akaongeza debe juu. Nilisaga siku hiyo hiyo, nikashona mdomo wa gunia kwa kamba ya katani, nikaandika jina la mama kwa mkaa, na asubuhi nililipandisha kwenye basi na kumwambia kondakta alishushe kwa jirani. Kwa mjomba nilikataza.

Siku iliyofuata mama alinipigia kwa simu ya jirani. Tulizungumza kidogo tu, maana salio si letu. Alisema gunia limefika, halikuchanika, na kwamba samahani hawezi kukaa sana, maji ya ugali yanachemka.