Aliyeniogesha Kwenye Hema la Kipindupindu

Admin, ficha jina langu na la kijiji changu, maana huku Korogwe najulikana kuliko hata mwenyekiti. Mimi ni mzee wa miaka sabini na kitu, Mzigua halisi, nina mke mmoja na watoto watano wote wamekula jasho langu. Shule niliingia nikaona inanichelewesha, kwa hiyo msinicheke mwandiko. Lakini kwa jembe sina mpinzani mpaka leo.

Mwaka huu mto ulipofurika, visima vikaingia maji machafu na kipindupindu kikashuka. Wakaja madaktari wa shirika la nje, hawa wanaokwenda penye vita na maafa, wakapiga mahema uwanja wa mpira. Wakatafuta watu wa kufua, kumwaga ndoo na kuhudumia wagonjwa. Mke wa mwanangu wa mwisho, binti wa Kwedizinga kule Handeni, akaja kuniomba ruhusa. Nilimkatalia. Nikamwambia, "Mke wa mwanangu hamwagi mavi ya watu mimi nikiwa hai." Baada ya siku chache mwanangu akaniambia mkewe kaenda kwao kumuuguza mama yake. Nikaamini.

Kipindupindu nilikuwa nakidharau. Nilisema hakimwezi mtu anayekula dona. Kikanipata asubuhi, jua halijapanda nilikuwa siwezi hata kukaa. Mwanangu alinifunga kwa kanga mgongoni mwa dereva wa bodaboda kama mtoto, mimi mtu mzima na mvi zangu.

Kule hemani wanakulaza kwenye kitanda kina tundu katikati, ndoo iko chini. Hakuna cha nguo wala heshima. Wahudumu wote wamevaa sawasawa, magauni ya plastiki, buti, barakoa na miwani mikubwa, huoni hata kope. Mmoja ndiye alinishughulikia kila mara. Alinifuta, akaniogesha, akaninywesha maji ya chumvi kijiko kwa kijiko nikitapika anaanza upya. Hasemi zaidi ya "kunywa" na "geuka". Nikajua huyu ni mzungu, Kiswahili bado kinampiga chenga. Nilimbariki sana.

Nilipopona nikarudi nyumbani na hadithi. Kila aliyekuja kunijulia hali nilimwambia, nyinyi wote hapa hakuna aliyewahi kuogeshwa na daktari wa Ulaya kwa mikono yake, ni mimi tu. Siku moja wazee wenzangu wamejaa barazani, mkwe wangu naye karudi, analeta chai. Nami nikanogewa. Nikasema, "Mnamuona huyu? Ndoo tu ya mgonjwa ingemshinda. Wanawake wetu wanajua kuchagua kanga. Yule mzungu ndiye mtu!"

Mkwe wangu akaweka sinia chini. Akasema taratibu, macho chini, "Baba, nisamehe. Yule hakuwa mzungu. Nilikuwa mimi."

Papo hapo mtani wangu mmoja, Mnyamwezi asiye na haya, akapiga paja, "Kumbe Ulaya iko Kwedizinga!" Wazee wazima wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Wasomaji, kwetu mkwe ni mkwe. Hata msuli wangu ukiwa kambani yeye hapiti karibu. Tunapishana njiani kwa adabu. Sasa huyu kaniona mwili mzima, katika uchafu, nalia kama kitoto. Nilimuuliza kwa nini hakumwachia mwingine. Akajibu, "Nimwachie nani, baba? Vitanda vimejaa, watu wanakufa. Nilinyamaza ili usinijue sauti."

Nilikwenda mpaka kwenye mahema kulalamika. Mkubwa wao mmoja, Mtanzania mwenzetu kabisa, akanijibu, "Mzee, humu hakuna mkwe, kuna mgonjwa." Wiki hiyo hiyo wakakunja mahema wakaenda kwenye maafa mengine. Mahema yanakunjika. Aibu yangu wameniachia hapa hapa, na vijana wa bodaboda wakiniona, "Shikamoo babu, mzungu hajambo?"

Nikasema jambo hili limalizwe kimila. Mkwe aje na kuku, apige magoti mbele ya wazee, aombe radhi. Mwanangu akanikazia macho, mtoto niliyemlea mimi, akasema, "Baba, aombe radhi kwa sababu hukufa?" Na mkewe akasema hapigi magoti, amelifikiria na halioni kosa lake. Nikamwambia basi chakula chake sitakila tena maishani. Wakafunga virago wakahamia Kwamndolwa.

Sasa amejifungua mtoto wa kiume. Mke wangu kaenda huko kulea mzazi, hana dalili ya kurudi. Juzi kanipigia simu, "Baba fulani, Ijumaa ni akika. Mbuzi yupo, wanakungoja wewe uchinje na umpe mtoto jina. Mkweo kasema chakula chako atakuletea yeye mwenyewe mbele ya watu. Ukila, yameisha. Usipokula, usije tena huku." Nikamwambia mimi sitishwi na mwanamke. Akakata simu.

Najua wengi mtasema nikamshukuru. Shukrani nilishatoa nikiwa kitandani, aliisikia kwa masikio yake, anataka ngapi? Ninalouliza ni hili, na mnijibu kwa adabu kama mnavyomjibu baba yenu. Nikienda, nitaunyoosha vipi mkono kwenye sahani yake watu wote wakinitazama? Na nisipoenda, babu wa upande wa pili atatoka Kwedizinga, atachinja yeye, na mjukuu wangu ataitwa jina la kwao mpaka anazeeka. Leo ni Jumatano. Niambieni nyinyi, mimi shingo yangu imegoma kugeuka.