Nyumba ya Kukatia Moto

Laini yetu ya wafanyakazi, kule kwenye mashamba ya majani chai ya Kericho, ilikuwa ya nyumba za udongo na nyasi, zimebanana hivi kwamba jirani akikohoa unampa pole ukiwa kitandani. Kiangazi upepo ulishuka kutoka msituni, na cheche moja ya jikoni ingetosha kutumaliza. Basi nyapara wetu, Mkipsigis mkali, akatupangia mambo. Kila mlango uwe na debe la maji. Wanaume wawe na miti mirefu yenye ndoano. Na katikati ya laini akachagua nyumba moja: moto ukiwaka upande wa juu, hiyo ing'olewe paa upesi na nyasi zikokotwe mbali, moto ukifika hapo ukose cha kula.

Nyumba yenyewe ilikuwa yetu.

Kila Jumapili baada ya ibada tulifanya mazoezi. Wanaume walikuja mbio na miti yao, wakagusa paa letu wakicheka. "Shemeji, leo mtalala mkihesabu nyota!" Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka kwetu ziwani kwa sababu ya mimba yangu, hakucheka hata kidogo. "Kwa nini asing'oe la kwake?" alisema kila mara. Mimi niliona nyapara ana akili, lakini ungethubutu kusema hivyo mbele ya mama mkwe? Wacha wee!

Nikajifungua mtoto wa kike. Tulikuwa tumebatizwa, sawa, lakini mila hatukuiacha ziwani: mzazi na mtoto mchanga hawatoki nje mpaka siku zao zitimie na mtoto atolewe kwa taratibu zake. Ukimtoa mapema, umemuua. Niliamini hivyo kabisa, na nilikuwa nimeshazika mmoja.

Siku zetu hazijatimia, mchana mmoja, mume wangu akiwa zamu kiwandani, moto ukashika nyumba ya juu. Nikasikia mayowe, kisha miguu ya wanaume ikaja hadi nje ya ukuta wangu, ikasimama. Wote walikuwa watu wa kwetu. Nani angeng'oa paa juu ya mzazi?

"Watoeni hao!" nyapara akafoka.

Mama mkwe akajaa mlangoni. "Mtoto hatoki."

"Mama, laini nzima itaungua!"

"Iungue!"

Ee Mungu, niliogopa. Nyumba ya jirani ilikuwa imeshaanza kulia, nyasi zinapasuka, na hao wawili wanabishana! Hasira ikanipanda. "Ng'oeni!" nikapiga kelele. "Sisi tunabaki humu humu. Wanaume wazima, mnangoja nini?"

Wakang'oa. Masizi, vumbi na panya vikatumwagikia. Mama mkwe akaacha mlango, akachovya blanketi kwenye debe, akatufunika, kisha akalala juu yetu, mzito kama gunia, akinitukana bila kupumzika. Joto likaja mpaka nikadhani ngozi inanitoka. Moto ukafika kwenye ukuta wetu mtupu ukakosa pa kupita. Nyumba za juu ziliteketea, za chini zikapona zote.

Blanketi lilipoondolewa, mtoto alikuwa kimya. Nikamtikisa. Kimya. Nikamtikisa tena, akapiga chafya, akalia. Jua la mchana lilikuwa linampiga usoni. Mlango hatukuuvuka, lakini huko ndani hakukuwa tena na ndani.

Wanaume waliorudi kutuchungulia juu ya kuta wakageuza nyuso. Mama mkwe akatazama mbingu, akamtazama mtoto. Nikangoja aseme mjukuu wake ameshakufa, ni kungoja siku tu.

Akamchukua kwangu, akamnyanyua juani kwa mikono miwili.

"Mbona mmenyamaza?" akawafokea. "Msalimieni. Mtoto ametoka!"