Vitufe Alivyovifuta Tjitske

Tjitske hakuwa mtu wa kuvumilia kitu cha ziada. Jikoni kwake, pale mjini Leeuwarden, palikuwa na sufuria mbili na kisu kimoja, na aliyemzawadia ya tatu aliikuta kwa jirani. Kazini alikuwa hivyo hivyo. Yeye na wenzake walitunza programu ya kompyuta ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na programu hiyo ilikuwa imenenepa kwa miaka kumi na minane. Kila mfugaji aliyepiga simu kuomba jambo aliongezewa kitufe, mpaka vikafika mia mbili na kumi na mbili. Kilikuwepo hata cha kuchapisha picha ya ng'ombe kwenye kadi ya Krismasi. Kompyuta kuukuu za mabandani zilichukua dakika tatu kuifungua, huku ng'ombe wamejaa maziwa wanasubiri.

"Kwani kitufe kinakula nini?" aliuliza Renske, mwenzake aliyepokea simu za wateja. "Asiyekitaka si asikibonyeze tu?"

"Kinanila mimi. Nikigusa kimoja, vitatu vinaharibika. Hebu ona hiki cha kusoma orodha kwa sauti. Nchi nzima wanakitumia watu wanne."

"Wanne nao ni watu, bibie."

"Basi watasoma kwa macho kama wenzao."

Wakacheka, hata Renske. Majina ya wale wanne yalikuwa palepale kwenye kompyuta, kubonyeza mara moja tu, na Tjitske hakubonyeza. Alikuwa na haraka ya kufuta, na mtu mwenye haraka hiyo haulizi vitu ni vya nani.

Toleo jipya lilitoka mwezi Machi, likafunguka kufumba na kufumbua. Wafugaji walipiga simu kushukuru. Tjitske akanunua keki kwa fedha yake, kama afanyavyo mwenye furaha huku kwetu, akawagawia ofisi nzima.

Mmoja wa wale wanne alikuwa baba yake.

Douwe alikuwa na miaka sabini na moja na ng'ombe sitini, karibu na ukuta wa bahari. Macho yake yalikuwa yameingia kiza katikati. Aliona pembeni tu, tena kwa shida. Hakumwambia mtu. Alipoacha kuendesha gari alisema gari limechoka. Ng'ombe wake aliwajua kwa kuwapapasa viwele, kila mmoja kwa jina. Jambo moja tu lilimshinda. Daktari wa mifugo akimchoma ng'ombe dawa, humpulizia rangi nyekundu mguuni na kuiandika namba yake kwenye programu, ili maziwa yake yasiingie tangini. Rangi hiyo Douwe hakuiona tena. Ila kila alfajiri kompyuta ilimsomea zile namba, naye akawatenga wahusika.

Baada ya Machi ikanyamaza. Akawa anamuuliza daktari kwa mdomo, mambo yakaenda. Mwezi Mei daktari alikuja Douwe akiwa malishoni, akamchoma ng'ombe mmoja, akaandika, akaenda zake. Kesho yake dawa ikaonekana kwenye maziwa yaliyochanganywa ndani ya lori la kiwanda. Maziwa ya wafugaji watano yakamwagwa. Douwe hakusubiri itokee mara ya pili. Akauza ng'ombe wote.

Tjitske alifika Jumamosi asubuhi, siku ya kuwapakia. Akapitia bandani kwanza, akafungua kompyuta, kisha akamfuata baba yake jikoni.

"Baba, yule ng'ombe yupo kwenye orodha. Wa kwanza kabisa. Hukumwona?"

"Mimi sioni orodha."

"Huoni vipi?"

"Sioni, mwanangu. Mwaka wa tatu huu. Ile sauti ndiyo ilikuwa inanisomea."

Alisema hivyo huku anamimina kahawa, na nusu yake ikaenda mezani. Tjitske akaifuta. Aliona aibu kumtazama, ingawa alijua hata akimtazama, baba hatajua.

"Si ungenipigia simu? Ningekirudisha siku ileile."

"Ungeniuliza nakitakia nini. Ukishajua, ungenitoa bandani."

Ni kweli, angemtoa.

"Jumatatu nakirudisha, Baba."

"Kimsomee nani?"

Lori la kubeba ng'ombe lilikuwa limeshafika uani. Jirani yao Hylke, ambaye maziwa yake nayo yalimwagwa, alikuja kusaidia kuwasukuma, maana huku hata aliyekasirika huja kusaidia. Lakini hakuja kunyamaza.

"Mzee Douwe, miaka arobaini na tano hujaharibu hata lita, halafu unatufanyia hivi mwishoni? Ulikuwa unaota?"

Tjitske akafungua mdomo. Mkono wa baba yake ukapapasa hewani, ukampata, ukambana.

"Nilisahau," Douwe akasema. "Uzee huo."

"Na programu ya binti yako je? Si ndiyo kazi yake kukumbusha?"

"Programu haina kosa. Iliandika vizuri. Mimi ndiye sikuangalia."

Hylke akatikisa kichwa. Alikuwa amepata alichotaka kusikia, na kijiji kizima kingekisikia kabla ya ibada ya Jumapili. Ng'ombe wa mwisho akapanda, mlango ukafungwa. Douwe alibaki ameelekeza uso kule lilikokuwa lori, mkono wake bado umembana binti yake.

"Hilo la programu ni kweli, ile mpya raha tupu," Hylke akamwambia Tjitske. "Nyepesi, haina makorokoro. Hongera sana."

Tjitske akasema asante.