Mabrouk na Mteremko wa Kizimbani

Mabrouk hakuwa mtu wa kukaa kitako. Wenzake wakinywa kahawa barazani mjini, mtaa wa Malindi, yeye alikunywa amesimama, mkono mmoja kwenye usukani wa pikipiki. Kazi yake ilikuwa kupeleka salamu za tajiri wa karafuu mashambani na kurudi na majibu, na kazi hiyo alizaliwa nayo. Kilichomshinda ni kusubiri. Na mwaka ule, msimu wa karafuu, alikuwa akisubiri jibu la Mwanaasha binti Mcha, wa Bububu.

Mzee Mcha alishaletewa posa ya Mabrouk mara moja, akasema, "Tutaangalia." Hakusema anaangalia nini. Mabrouk akakonda. Mara alidhani ni ukoo, mara ufukara wake, mara akaapa kuwa mzee yule ana roho mbaya tu, basi. Halafu ikavuma kwamba Ijumaa watu wa Mkokotoni wanaleta posa yao. Alhamisi baada ya adhuhuri akapanda Kizimbani mbio kumchukua ami yake Hamad, mshenga wake, awatangulie.

"Shikamoo, ami. Panda twende."

"Marahaba. Chombo chako hiki mie sikiamini, mwanangu."

"Tukichelewa nshamkosa, ami!"

Ami Hamad akakunja kanzu yake ya sikukuu, akapanda, akamkumbatia Mabrouk kiunoni.

Wapanda pikipiki wa siku zile walikuwa na ada moja ya kijinga, na Mabrouk ndiye bingwa wao: wakifika kichwani mwa mteremko hutoa gia, huzima moto, wakateleza kimya mpaka chini ili kubania petroli. Siku hiyo, mzee yuko nyuma na njia imelowa mvua ya vuli, alifanya vilevile. Mkono ulizima moto kabla akili haijaulizwa.

Kona ya mwisho ilipofunguka, roho ilimruka. Jua lilikuwa limetoka, na mbele ya nyumba ya Mzee Mcha, pale chini ya mteremko, majamvi ya karafuu yalikuwa yametandazwa mpaka juu ya lami. Wanawake wameinama wanazigeuza, wamempa mgongo. Akabonyeza honi. Honi ilikufa tangu Ramadhani.

Akakanyaga breki. Gurudumu la nyuma likaserereka, pikipiki ikaenda upande, ami Hamad akapiga shahada. Akaiachia breki upesi, na hapo ndipo yalipomjia maneno ya fundi wake wa Darajani, aliyokuwa akiyacheka kila siku: njia ikiteleza, injini ndiyo breki yako, lakini shusha gia moja moja, ukirukia ya kwanza kwa kasi gurudumu litakamatwa na utakula lami. Akarudisha swichi, akabana klachi, akatia gia ya tatu, akaiachia klachi kwa upole. Injini ikakohoa, ikashika. Akashusha ya pili. Ikanguruma mpaka minazi ikasikia. Wanawake wakageuka, wakaruka kando. Akatia ya kwanza, akagusa breki kidogo, na pikipiki ikasimama, tairi la mbele likibusu ukingo wa jamvi.

Mmoja wa wanawake wale alikuwa Mwanaasha, kashika kifua. Mzee Mcha akatoka nje. Ami Hamad alifungua mdomo aseme yale maneno mazuri aliyoyapanga tangu asubuhi, lakini meno yaligongana tu.

"Mzee, n'naomba radhi," Mabrouk akasema. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

"Mwaka mzima unapita hapa kimya kama mwizi," Mzee Mcha akajibu. "Ushanivurugia karafuu mara ngapi, na wajukuu zangu wakicheza njiani nawanyakua wewe umeshafika. Penye watu mtu hupiga hodi, bwana! Nikajiuliza, asiyepiga hodi njiani, kwangu ataingiaje?"

Akamtazama Mabrouk, kisha akaitazama injini iliyokuwa bado inatetema.

"Leo nimekusikia tangu kona," akasema. Akamgeukia ami Hamad. "Karibu ndani. Kunywa maji kwanza, halafu useme ulilotumwa."

Harusi ilikuwa baada ya msimu. Mabrouk kutulia hakutulia, kahawa aliendelea kuinywa wima. Lakini mteremko ule aliushuka kwa gia ya pili, injini ikilalama, na wenzake walimcheka kwa petroli anayoiunguza. Na Mwanaasha, kila alipokuwa kwao akianika karafuu, alisikia ngurumo ile juu ya kona, akakunja jamvi, na kabla pikipiki haijaonekana alikuwa keshaitikia: "Karibu!"