Nahodha wa Mlali

Juzi, kwenye karakana ya mawe ya makaburi karibu na soko, hapa Dodoma, nilimsikia mama mmoja wa Mlali akiagiza jiwe la mumewe. Chini ya jina alitaka neno moja tu: Nahodha.

Fundi aliinua patasi. "Alichezea timu gani, mama?"

Sote tuliokuwa tukisubiri tulicheka. Mama hakucheka.

"Boti, mwanangu. Boti ya uvuvi, ile ya kukokota nyavu, kule Ziwa Victoria."

"Mgogo na ziwa, wapi na wapi?"

"Alikwenda kupara samaki, akaishia kushika usukani. Vita vya Kagera vilipokuja, boti yake ikatumwa kubeba chakula cha askari. Ikazama naye. Hatukuzika hata ukucha."

Fundi alishusha sauti. "Basi tuandike askari, mama. Ina heshima zaidi."

"Hakushika bunduki."

"Lakini hapa kwetu watu watadhani ni mambo ya mpira."

"Wadhani! Atakayeniuliza nitamweleza mpaka achoke yeye."

Siku hizi za soko huria, mtu mwenye meza na simu hujiita mkurugenzi, nasi tunamwamkia kwa cheo hicho bila kuuliza anaongoza nini. Aliyezama na boti yake ndiye tunayemdai ushahidi.

Mama alikalia mfuko wa saruji, akagusa jiwe kwa kidole, pale patasi ilipopaswa kuanzia.

"Anza na N," alisema. "Kubwa."